Kwa mnaoanza kushika mafaili ya madai ya akili, California

Mkipewa faili la mfanyakazi anayedai kazi imemuumiza akili, ripoti ya daktari iacheni kwanza. Anzeni na tarehe: alianza kazi lini, kila tukio lilikuwa lini, notisi ya kuachishwa kama ipo ilikuja lini.

Kifungu cha 3208.3 cha Sheria ya Kazi ya California kinataka matukio halisi ya kazini yawe zaidi ya nusu ya visababishi vyote, ndoa iliyovunjika na madeni yakiingia kwenye hesabu hiyohiyo. Hapo wengi hudhani safari imekwisha. Bado. Ikiwa hatua za kiutumishi zilizo halali, zisizo za kibaguzi na zilizochukuliwa kwa nia njema zilichangia asilimia 35 hadi 40 au zaidi ya visababishi vyote, fidia hakuna. Barua ya onyo, uhamisho, kushushwa cheo, tathmini mbaya: zote zinaweza kuingia humo.

Tuseme daktari amesema kazi imechangia asilimia 70. Mteja anafurahi. Ukichambua, onyo ni 40, matusi ya msimamizi ni 30. Onyo likionekana la haki, dai limekufa, ingawa ni kazi iliyomuumiza. Matusi yakiwa 50 na onyo 20, dai linasimama. Kwa maoni yangu sheria hii ni kali mno, lakini ndiyo tuliyo nayo.

Kwa hiyo mteja akikwambia tu "bosi ananionea", usiandike hivyo. Mtulize, muulize tukio mojamoja: lini, nani alikuwepo, alisema nini, usingizi ulianza kupotea lini. Asipomweleza daktari matusi, asilimia zote zitaangukia kwenye onyo.

Mgawanyo wa kazi nao msiuchanganye. Tangu uamuzi wa 2001 wa kesi ya Rolda, uliotolewa na bodi ya rufaa ya fidia za wafanyakazi ya California, daktari hupima visababishi; iwapo hatua ilikuwa ya nia njema au la, huamua jaji. Mzigo wa kuthibitisha hiyo nia njema ni wa mwajiri. Ulizeni basi: utaratibu wa kampuni ulifuatwa? Mwenzake mwenye kosa lilelile alipewa onyo?

Mengine kwa kifupi. Mteja anatakiwa awe amemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 6, hata isiyo mfululizo, isipokuwa chanzo ni tukio la ghafla na lisilo la kawaida. Kukosa vibali vya uhamiaji hakumnyimi haki ya kudai. Na aliyefungua dai baada ya kupewa notisi ya kuachishwa ana kizingiti cha ziada. Moja ya njia za kukivuka ni rekodi za matibabu za kabla ya notisi hiyo. Ziombeni mapema, kliniki huchelewesha.