Maswali ya Wasomaji: Bumu Limeisha, Moyo Umechoka

SWALI: Shikamooni. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, liliisha mapema, nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na nyumbani mvua zimegoma. Usiku naangalia vichekesho kwenye simu hadi saa nane. Nacheka kweli, ila asubuhi uzito ni uleule. Ninayeishi naye chumbani anasema niache burudani zote hadi mambo yakae sawa. Yuko sahihi?
Msichana wa Ng'ong'ona

JIBU: Marahaba. Mwenzako amekosea, na wengi hukosea kama yeye: wanadhani furaha ni posho inayotoka shida zikiisha. Sapu zikipita kuna ada, kisha mafunzo kwa vitendo, kisha kusaka ajira. Ukisubiri zote ziishe utaota mvi.

Vichekesho navyo havina kosa, kosa ni saa. Ukilala saa nane na kuamka saa kumi na mbili kuwahi kipindi, umelala kwa muda wa saa nne tu, wakati mwili wako unataka saba au zaidi. Mtu mwenye usingizi wa saa nne huona kila jambo dogo msiba. Basi angalia vichekesho saa mbili usiku, saa nne chomeka simu kwenye chaji upande wa pili wa chumba, mbali na mkono. Ikibaki chini ya mto utaishika tu, hata uwe na nia ya chuma. Chai ya rangi au kahawa iishie mchana: ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Sasa burudani yenyewe. Chukua daftari, andika alama ya hali yako kuanzia 0 hadi 10 kabla ya jambo, kisha saa moja baada yake. Fanya hivyo wiki mbili. Mara nyingi yanayopandisha alama ni yale yenye watu au yenye jasho: kwaya, netiboli, kupika pamoja, kutembea dakika 30 kuanzia saa kumi na moja jioni jua la Dodoma likishapoa. Kama kuna kikundi cha ngoma karibu, jiunge. Ugogo una muheme, ngoma zinazopigwa na akina mama, na huwezi kushika mapigo yake huku unawaza sapu.

Panga mawili tu kwa wiki, yenye siku, saa na mtu wa kwenda naye. Wanaoshindwa hupanga saba kwa mpigo, siku ya tatu wameacha yote. Wengine hungoja hamu. Moyo ukiwa mzito hamu haitangulii, huja nyuma ya kitendo, pengine dakika 10 baada ya kuanza. Hata hivyo usihukumu kwa siku ya kwanza.

Kuhusu fedha, bumu lijalo litengee burudani fungu lake siku ileile linapoingia, baada ya kodi ya chumba na chakula. Tuseme ni shilingi 600,000 za siku 60: asilimia 5 ni 30,000, yaani 3,500 kwa wiki. Ni ndogo, lakini inatosha, na inakuzuia kula nyama choma wiki ya kwanza na kushindia uji wiki ya nane. Sapu usiziwaze kitandani. Zipe dakika 20 za jioni na karatasi: andika hatua moja ya kesho, mfano kumwomba mwalimu akuonyeshe ni swali gani lilikuangusha.

SWALI: Je, kubeti nako si burudani? Natumia 1,000 tu kwa siku.
Mwanachuo, Makulu

JIBU: Elfu moja kwa siku 60 ni 60,000, mara mbili ya fungu tulilolitaja hapo juu. Halafu piga hesabu ya mkeka, yaani tiketi moja yenye mechi nyingi ambazo zote lazima utabiri sawasawa ndipo ulipwe. Mechi 10, kila moja ukiwa na uhakika wa asilimia 70, zote kutiki, yaani kwenda ulivyotabiri, ni chini ya mara 3 katika 100. Kuangalia mpira na wenzako ni burudani. Ukianza kufukuzia hela iliyoliwa, futa programu leo na mwambie mtu mmoja unayemheshimu.

SWALI: Nitajuaje kuwa huzuni imekuwa ugonjwa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ikidumu wiki mbili, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, huku ulichokipenda hakina ladha tena, usingizi na chakula vimevurugika na masomo hayaingii, nenda kituo cha afya. Mwanafunzi anaweza kuanzia kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Mawazo ya kufa yakija, usikae peke yako na usingoje wiki mbili. Mwambie aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, limefanywa kejeli mitaani, na kejeli hiyo imewachelewesha wengi, ilhali watu huenda pale kumwona daktari na kurudi kwao. Ukifika usiseme "nina mawazo" tu. Sema silali tangu lini, nakula mara ngapi, nimeacha kufanya nini, na dawa zozote unazotumia.