Gitobu Imanyara: wakili, mhariri, mbunge

Kwa aliyeuliza kama Gitobu Imanyara wa Kenya aliingia bungeni akiwa wakili au mwanahabari: alikuwa vyote viwili, ila kwa maoni yangu ni uhariri uliomjengea jina. Akiwa wakili, alianzisha mwaka 1987 jarida la The Nairobi Law Monthly, ambalo kwa sura lilikuwa la kisheria, lakini lilichapisha mijadala ya haki za binadamu na ya vyama vingi wakati ambapo KANU ndicho kilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa. Kwa sababu hiyo alikamatwa mwaka 1990, akakamatwa tena mwaka 1991 na kushtakiwa kwa uchochezi, na mwaka huohuo wachapishaji wa magazeti duniani wakamtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru.

Aliwakilisha jimbo la Imenti ya Kati bungeni kwa vipindi viwili visivyofuatana, baada ya uchaguzi wa 1997 na ule wa 2007. Kipindi cha pili ndicho chenye uzito zaidi. Mswada wa serikali wa kuunda mahakama maalumu ya ndani kwa ajili ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ulipoanguka Februari 2009, yeye aliwasilisha wake binafsi, lakini wabunge wengi hawakuhudhuria, akidi ikakosekana, na mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikaanza uchunguzi wake.