Jibu: Je, niendelee kuchangia SHA?

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kuchangia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii nchini Kenya, ilhali sheria yake iliwahi kubatilishwa mahakamani. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria tatu za afya za mwaka 2023 kuwa kinyume cha Katiba, ikitaja uhaba wa ushirikishwaji wa umma, lakini Septemba Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, ikaondoka na SHA ikachukua nafasi yake. Kwa mwajiriwa, basi, hiari haipo: anayelipwa shilingi 100,000, aliyekuwa akikatwa 1,700, sasa hukatwa 2,750. Ninachohofia zaidi ni hospitali, kwani mhasibu asiyejua dai la leo litalipwa na nani kesho humdai mgonjwa pesa taslimu dirishani.