"Mean" na kinachoifuata

Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini, na barua pepe za wateja wa nje nyingi hupitia mikononi mwangu kabla ya kutumwa. Neno ninalolisahihisha kuliko yote ni dogo tu: "mean". Wengi tulilimeza shuleni kama "maana yake", tukaishia hapo.

Ushauri wangu: usilikariri peke yake, likariri pamoja na kinachofuata. Likifuatwa na "to", linazungumzia nia. "We mean to finish today", tumekusudia kumaliza leo. Likifuatwa na kitenzi chenye "-ing", nia haimo, yamebaki matokeo. Kijana mmoja ofisini alitaka kumweleza mteja kwamba meli ikituacha itabidi tusubiri wiki nzima, akaandika "Missing the ship means to wait a week". Meli haina nia na mtu. Ni "means waiting".

Hatari zaidi ni wakati uliopita, "meant to", ambao kwa kawaida humwambia msikilizaji kwamba jambo halikufanyika. "I meant to call you": nilikusudia kukupigia, na sikupiga. Sasa wewe umeshalipa ushuru, halafu unamwandikia mteja "we meant to pay the duty yesterday". Atakachosoma yeye ni kwamba ushuru haujalipwa, na simu itaita muda si mrefu. Kama umelipa, andika "we paid" yaishe. (Na hiyo "meant" hutamkwa "ment", jamani, si "miint".)

Kuna pia hii "I am meaning" yetu, inayotokana na "namaanisha". Waingereza husema "I mean" tu. Ila "I've been meaning to ask you" ni sahihi kabisa: siku nyingi nataka kukuuliza, sijapata kuuliza.

"Intend" ni ndugu yake mwenye tai, wa kwenye barua rasmi na fomu za viza. Ukiulizwa "How long do you intend to stay?", taja muda utakaokaa. Sababu ya safari ina swali lake.

Kwa kuomba radhi, "I didn't mean to" inatosha ana kwa ana. Kwa mteja aliyekasirika andika "we did not intend to". Na "I mean it", yaani sitanii, waachie wenye watoto watundu. Ukimwandikia mteja "delivery is on Monday, I mean it", atadhani mnagombana.