Maswali ya Wasomaji: Logo Itakayosomeka Mgongoni mwa Kitabu

Jambo mhariri. Nimeandika riwaya ya kurasa 160, saizi ya A5, na ninaichapisha kwa pesa zangu mwenyewe, nakala 300. Kijana wa studio amenichorea logo: kitabu kilichofunguliwa, kalamu, jua likichomoza juu ya Ziwa Kivu, na jina langu lote kwa mwandiko wa kuunganisha. Kwenye simu inapendeza. Imprimeri wanasema mgongoni haitasomeka. Ni kweli?
*Mwalimu, Kadutu, Bukavu*

Jambo mwalimu, na hongera kwa kuimaliza riwaya. Ni kweli. Kurasa 160 ni karatasi 80. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo utakuwa milimita 8 na kitu, pamoja na jalada. Wakati wa kukunja na kugundisha, jalada husogea kidogo kulia au kushoto. Acha basi milimita moja na nusu wazi kila upande. Logo inabakiwa na upana wa milimita 5 hivi. Humo hamuenei kitabu, kalamu, jua, ziwa na jina. Wino utatambaa, mianya itaziba, na msomaji ataona doa.

Chagua kitu kimoja. Kitabu na kalamu viache kabisa: viko kwenye kila duka la vifaa vya shule na havisemi lolote juu yako. Ziwa na jua vihamishie kwenye jalada, ndiko vinakostahili. Jalada ni la riwaya hii, lakini logo ni ya mwandishi, na itakaa hata kwenye kitabu chako cha tatu ambacho huenda hakina ziwa ndani yake. Herufi mbili za mwanzo wa majina yako, nene, zilizoshikana kwa namna ya pekee, zinatosha. Katika udogo huo mstari usiwe chini ya milimita 0.2; ukiwa mweupe juu ya rangi nzito, uwe 0.35, kwa sababu wino wa pembeni huumeza.

Kisha ijaribu. Ichape kwa weusi mtupu, upana milimita 5, itoe fotokopi, halafu fotokopi ya ile fotokopi. Mwonyeshe mtu aliyewahi kuiona mara moja tu. Asipoitambua, rudini kwenye karatasi na penseli; kuongeza rangi hakutaiponya.

Kwa yule kijana, usipokee JPEG peke yake. Picha yenye upana wa pikseli 600, kwa pikseli 300 kwa inchi, inachapika vizuri hadi sentimita 5 tu. Kwenye bango la uzinduzi itavunjika. Dai faili ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuvunjika, SVG au PDF (Inkscape inaitoa bila malipo), herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro ili kompyuta ya imprimeri isiweke fonti nyingine. Dai pia toleo jeusi tupu na toleo jeupe. Faili za picha zikipitia WhatsApp, zitumwe kama dokima (Document), maana zikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora.

Nilichagua kijani cha jiwe la malakiti kwa logo na jalada. Kwenye kompyuta kinang'aa, kitabu kimetoka na kijani kilichofifia. Imprimeri wameniibia wino?
*Mama mwandishi, Kampemba, Lubumbashi*

Hapana, mama. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga. Mashine inazitengeneza kwa wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kikali cha kioo hakimo katika uwezo wa wino hizo. Lamineshini isiyong'aa, ile plastiki nyembamba ya juu ya jalada, nayo huipooza rangi zaidi.

Geuza faili iwe CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, kabla ya kuchagua rangi, si baada. Anzia, kwa mfano, samawati asilimia 85, majenta 20, njano 75, nyeusi 15, kisha lipia jalada moja la majaribio kwenye karatasi ile ile, na lamineshini ile ile. Ukiridhika, andika namba hizo na uzitumie kwa kila kitabu kijacho. Maandishi madogo yawe nyeusi 100 peke yake. Yakichanganywa wino nne na mashine ikayumba, yatatoka na kivuli.

Jina mgongoni lisomeke kutoka juu kwenda chini, au chini kwenda juu? Na msimbo wa mistari wa ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) naweza kuupaka rangi nyekundu ya logo yangu?
*Kijana wa Himbi, Goma*

Vitabu vya Ufaransa kwa kawaida husomeka kutoka chini kwenda juu. Vya Uingereza, Marekani na Kenya, juu kwenda chini. Sisi tunapendelea juu kwenda chini, kwa sababu vitabu vingi kwetu huuzwa vikiwa vimelazwa mezani, jalada likitazama juu, na hapo jina la mgongoni linasomeka sawasawa, halijapinduka. Ukishachagua, usibadilishe katika kitabu cha pili.

Nyekundu hapana. Skana nyingi zinasoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu haionekani kwao. Weka mistari myeusi juu ya nyeupe, karibu milimita 37 kwa 26, na usiipunguze chini ya asilimia 80 ya ukubwa huo.