Mume kaninunia tangu usiku wa mnada, nifanyeje?

"Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuko Uingereza mwaka wa saba sasa, karibu na Manchester. Mwezi uliopita bosi wangu alitualika kwenye dhifa ya kuchangia watoto wagonjwa huko Tatton Park, Knutsford, jumba la kale la mabwana. Nilivaa gauni la kijani, kila mtu akalisifu. Ulipofika mnada nikainua kibao changu, nikapata wikendi ya watu wawili hotelini kwa pauni 650. Meza nzima ilinipigia makofi isipokuwa mume wangu. Pesa zenyewe zilikuwa zimekaa tu kwenye akaunti, tunangoja safari ya Agosti. Tangu usiku huo ananijibu 'ndiyo' na 'hapana' basi. Kumbe nimeolewa na bahili! Wahenga walisema kutoa ni moyo. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Pole, nyumba ya kimya inachosha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Gauni limepata sentensi yake na makofi yamepata yake; watoto wagonjwa wamepata maneno mawili, hata wanaugua nini hujasema. Halafu katikati umelipitisha jambo zito haraka haraka: pesa "zimekaa tu", mnangoja Agosti. Pesa za nauli hazikai tu. Agosti shule za huko zimefungwa na tiketi zimepanda. Mtu huanza kuiwekea akiba miezi mingi kabla, shifti moja baada ya nyingine. Shifti za nani? Na huku nyumbani ni nani anayemsubiri mumeo? Hukuandika. Mimi nadhani ni mama yake, na nadhani unajua kwa nini umemwacha nje ya barua.

Mumeo si bahili. Bahili angekushika mkono pale pale, au angekugombeza mbele ya bosi wako. Yeye alikusitiri. Alijua kwamba nyundo ya dalali ikishagonga umeshanunua, hakuna kurudisha, akameza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na methali umeikata. Yote inasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo ungekutuma utoe kimya kimya mlichokubaliana wawili. Huko Uingereza mlipa kodi akitoa pauni 100 na kujaza fomu ya Gift Aid, serikali inaongeza 25 juu. Watoto wangepata 125 na nauli isingeguswa sana. Wewe ulinunua makofi, mwanangu.

Haya tumeyaona kwenye harambee zetu. Mtu anashika maikrofoni, anatangaza maelfu, ukumbi unashangilia, na nyumbani karo ya mwanawe haijalipwa. Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjikia hapo: wawili wanalala kitanda kimoja, lakini mmoja anaamua peke yake kwa kidole juu ya simu, na mwenzake anapata habari pesa zikishaondoka. Mkipata pamoja, mshauriane pamoja. Hata shilingi ya sadaka.

Jumba hilo ulilokula ndani yake nalifahamu kwa upande wa huku. Mwenyewe wa mwisho, Lord Maurice Egerton, ndiye yule wa kasri la Njoro, jirani na Nakuru. Wazee wa huko husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa. Kama kweli ilikuwa hivyo sijui, lakini hakuoa, hakuzaa, na alipofariki mwaka 1958 Tatton ikaenda kwa shirika la kutunza majumba ya kale. Vyumba vyote vile, na hana wa kumgeukia amwulize, "unaonaje?" Wewe ulikuwa naye kiti cha pili. Hukumgeukia.

Sasa fanya hivi. Leo jioni, kabla hajala, mwambie, "Nilikosea." Usiongeze "lakini". Chukua shifti za ziada wewe, urudishe 650 kabla ya Agosti, na uwe unamwonyesha salio kila wiki. Mpigie mama mkwe simu, umwulize hali yake na anahitaji nini uje nacho. Na hiyo vocha ya hoteli mpe mumeo mkononi. Yeye ndiye atakayesema kama mtakwenda au mtaiuza.