Maswali Yenu kwa Mchungaji: Daftari la sala limenichosha

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeokoka tangu usichana. Kikundi chetu cha maombi kina utaratibu wa daftari. Unaandika muda ulioomba, sura ulizosoma, siku ulizofunga na kama umetoa zaka. Ukitimiza unajiwekea vema, ukikosa unajipiga mkasi kwa wino mwekundu, na kila Alhamisi madaftari yanasomwa mbele ya wote. Nikikosa sala ya alfajiri, kesho yake naomba mara mbili kufidia. Hivi karibuni nilipitiwa na usingizi siku kadhaa, na wiki hiyohiyo mwanangu mdogo akaugua vibaya. Nikajua Mungu amenipa kisogo. Mtoto amepona, ila hofu imebaki. Rafiki yangu anasema tuko chini ya neema, nilitupe daftari. Naogopa nikilitupa nitapoa kabisa. Nifanyeje?
(Jina limehifadhiwa)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na mtoto, maana naona hapo ndipo panapouma. Hakuugua kwa sababu ulilala. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza swali lako lilelile: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akajibu kuwa si yeye wala si wazazi wake. Hakumwita mama wa yule kipofu amhoji alikosa nini. Wewe pia hajakuita.

Sasa daftari. Wengi wakisikia neema hudhani Paulo aligombana na sala na kufunga. Sivyo, mwenyewe aliomba na kufunga. Angalia lililomkasirisha. Wakorintho walikuwa wakigawanyika makundi na kushtakiana mahakamani, na bado anaanza waraka wake kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wagalatia hawapati shukrani hiyo. Salamu zikiisha tu, anawaambia anastaajabu jinsi walivyomwacha upesi yeye aliyewaita katika neema ya Kristo. Walikuwa wamefanya nini? Hawakuwa wezi wala walevi. Walikwisha kumwamini Kristo, wakaja walimu kuwaambia haitoshi: watahiriwe, washike siku na miezi. Walichotaka ni kuongeza kidogo tu. Paulo akawajibu kwamba ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure.

Kwa hiyo siulizi una vema ngapi. Nauliza hivi: siku ya mkasi mwekundu, unamwendea Mungu au unamkwepa? Barua yako imejibu. Umekuwa kama mwenye deni anayebadilisha njia akimwona mdai wake kwa mbali, na sala ya pili unayoomba kesho yake ni faini. Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema. Aliyekamilisha kila kitu angeendea rehema ya nini? Mlango huo ni wa aliyekosa leo, na anauingia leoleo, kabla hajajitengeneza.

Wala usidhani hofu itakufikisha kwenye utakatifu. Martin Luther, yule aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa, aliingia utawani Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505, na baadaye aliandika kwamba aliishi huko bila lawama, lakini dhamiri haikutulia, na kwamba yeye Luther hakumpenda yule Mungu mwenye haki, bali alimchukia. Mtazame pia kaka mkubwa wa mwana mpotevu, katika Luka 15, siku mdogo wake aliporudi akafanyiwa karamu. Daftari lake lingekuwa vema tupu, maana anamwambia baba yake hajakosa amri yake wakati wowote. Lakini yuko nje, amenuna, nyimbo zinasikika ndani, naye anadai mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Baba ikambidi atoke amsihi na huyo pia. Hapo huwa nasimama kila nikiisoma sura ile.

Utapoa? Swali hilo Paulo aliulizwa mapema: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akasema, hasha! Kwa Tito akaandika kuwa neema yenyewe hutufundisha kukataa ubaya. Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi nusu. Biblia na saa yako ya sala vibaki. Kinachoondoka ni wino mwekundu na ile fidia. Ukipitiwa alfajiri, zungumza na Mungu huku ukimvalisha mtoto, sentensi mbili zinatosha, na kesho usilipe chochote.

Kuhusu Alhamisi, mwone kiongozi wenu faraghani, kwa heshima. Mwambie utaendelea kuomba nao, ila daftari lako halitasomwa tena. Yesu alisema tukisali tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango. (Nimekaa kwenye vikundi vya maombi miaka mingi. Rekodi zikisomwa hadharani, watu huanza kuandika sura ambazo hawakusoma.) Akikataa, tafuta wengine wa kuomba nao. Hujaasi.

SWALI: Kijana wangu akikosolewa anajibu, “Baba, mimi niko chini ya neema.” Je, Amri Kumi zimefutwa?
(Baba mwenye wasiwasi)

JIBU: Ndugu yangu, fungua Kutoka. Damu ya mwana-kondoo iko sura ya 12, bahari inapasuliwa sura ya 14, na amri zinatolewa sura ya 20. Na hata hapo, kabla ya kuamuru lolote, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nyumba ya utumwa. Waliokolewa kwanza, ndipo wakafundishwa namna ya kuishi. Hakuna aliyevuka bahari ile kwa kushika amri, na hakuna aliyeambiwa kwamba kwa kuwa amevuka, sasa aibe.

Kijana usimhubirie. Muulize ni amri ipi kati ya hizo inayombana siku hizi. Vijana wengi walioniletea hoja ya neema walikuwa na jambo moja mahususi nyuma yake, tena mara nyingi lenye jina la mtu. Zungumzeni hilo.